Upande wa Kushoto wa Mama Laure

Kila Jumamosi asubuhi Orpha alikuwa na kazi ambazo hakuna mtu aliyehitaji kumkumbusha. Alichota maji, akafagia lupango, yaani ua wa nyumba yao, mpaka vumbi jekundu likatulia chini ya mistari ya ufagio. Halafu alikwenda kumshika mkono Nkambo Ambroise, baba wa mama yake, akampeleka kunawa uso, kisha akamketisha barazani karibu na redio.

Nkambo Ambroise alikuwa kipofu. Ujana wake wote aliumalizia kwenye tanuru la kuyeyushia shaba pale Likasi, na watu wa mtaa walipomwona akipapasa ukuta walisema neno moja tu: "Moshi wa tanuru ulikula macho yake." Hata yeye mwenyewe aliamini hivyo. Orpha alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tangu azaliwe hakuwahi kumjua babu yake akiwa anaona.

Barazani hapo hapo mama yake, Mama Laure, alikuwa ameshakaa mbele ya cherehani. Wanawake wa mtaa walimletea vitenge vyao kwa ajili ya harusi, ubatizo na misiba, naye aliwashonea nguo zilizowakaa vizuri mwilini. Lakini jambo alilojivunia kuliko mishono yake ni macho. Aliingiza uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila miwani, hata siku ya mawingu.

"Mama Albertine ni mdogo wangu, na tayari anavaa miwani," alipenda kusema. "Minye mimi, sindano yenyewe inanifungulia mlango."

Asubuhi hiyo, kabla hajamaliza hata mkono mmoja wa gauni, Mama Tausi alisimama mlangoni. Mama Tausi aliuza vitenge karibu na soko. Wazazi wake walitoka Maniema zamani, naye alizaliwa na kukulia Likasi. Mteja akinunua kitenge kwake, alimwelekeza kwa Mama Laure akashonewe. Walikuwa marafiki wa miaka mingi.

"Jambo, Mama Laure."

"Jambo, Mama Tausi. Karibu, kaa."

"Sikai. Nimekuja kuuliza tu. Nilikukosea nini?"

Mama Laure alisimamisha cherehani. "Unikosee weye? Kwa nini?"

"Jana sokoni nilikuinulia mkono, ukapita. Siku nyingine mbele ya duka langu nilikuinulia mkono, ukapita. Watu wananitazama, mkono uko juu kama wa mtu anayefukuza nzi. Kama una neno moyoni, litoe. Tumeishi vizuri siku zote."

"Nakuapia sikukuona."

"Hukuniona?" Mama Tausi, ambaye alikuwa mnene na mrefu, alijitazama kuanzia kifuani mpaka miguuni. "Minye, na mwili huu wote?"

Hakungoja jibu. Aliaga kwa adabu, akaondoka, na Mama Laure akabaki ameshika kitambaa bila kushona.

Orpha alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Jana yake alikuwa sokoni pamoja na mama yake. Alikumbuka vizuri kwamba Mama Tausi alisimama upande wa kushoto wa njia, karibu kabisa, akicheka na kuinua mkono. Muziki wa wauza simu ulikuwa unapiga kelele, hivyo sauti isingesikika, lakini mtu mwenye macho asingeshindwa kumwona. Orpha mwenyewe alidhani mama yake amenuna. Alitamani kutoka nje aseme alichokiona, lakini mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa, naye akanyamaza.

Alasiri walikwenda parokiani kufanya mazoezi ya kwaya. Mama Laure ndiye aliyeiongoza kwaya hiyo, na mikono yake ilipoinuka hata watoto wakorofi walikaa wima. Orpha na rafiki yake Camille waliimba sauti ya alto, na safu yao ilikuwa upande wa kushoto wa mwongozaji. Sikukuu ya parokia ilikuwa inakaribia.

Walianza wimbo wa kuingilia. Alto waliingia mahali pao, lakini Mama Laure hakuwaashiria. Alikuwa anawatazama soprano. Akasimamisha wimbo.

"Alto, mumelala? Mbona mnaingia kama mbuzi walioachiwa?"

Walirudia. Mara ya pili alto walingoja ishara, na ishara haikuja. Wimbo ukapita bila wao.

"Sasa mumekuwa mabubu," alisema Mama Laure, na sauti yake ilikuwa kali.

Binti mmoja aliinua mkono aulize lini hasa waingie. Mkono ulikaa hewani mpaka ukachoka, kisha akaushusha. Wasichana wakatazamana.

Mazoezi yalipokwisha, Camille alimvuta Orpha pembeni. "Usikasirike, rafiki yangu. Lakini mama yako ana nini na sisi? Anatudharau?"

"Hadharau mtu," Orpha alijibu.

"Basi mbona yeye hatuoni sisi?"

Camille alisema hivyo kwa hasira tu, bila kufikiri. Lakini neno hilo lilimwingia Orpha kama mwiba. Njiani kurudi nyumbani alijikawiza nyuma ya mama yake. Kisha akapiga hatua za upole mpaka akawa sambamba naye, upande wa kushoto, kiwiko kwa kiwiko. Akainua kitabu cha nyimbo usawa wa bega la mama. Mama Laure aliendelea kutembea, akitazama mbele.

"Orpha," aliita kwa sauti ya juu, "unachelewa nini huko nyuma?"

"Niko hapa, Mama."

Mama Laure aligutuka, akageuza kichwa chote. "Usinitishe hivyo. Umetokea wapi?"

Orpha alishusha kitabu. Alimfikiria Nkambo Ambroise na ukuta anaoupapasa kila siku.

Siku iliyofuata, baada ya misa, alijikaza akasogea karibu na cherehani.

"Mama, naomba kusema neno. Nafikiri upande mmoja huoni vizuri."

Mama Laure alichomoa uzi kwenye sindano, akautia mate, akauingiza tena kwa mkupuo mmoja. "Unaona? Mtu asiyeona anafanya hivi?"

"Hapana, Mama."

"Basi nenda kaangalie sombe isiungue."

Orpha alikwenda kuangalia sombe, majani ya muhogo yaliyokuwa yanachemka jikoni. Mama yake alikuwa amesema kweli, uzi uliingia. Na bado kiwiko chake kilikuwa kimegusana na kiwiko cha mama njiani, na mama hakumwona. Hakujua mambo hayo mawili yangewezaje kuwa kweli kwa pamoja.

Katikati ya wiki Orpha na mama yake walitumwa na shangazi, dada wa baba yake, kuchukua samaki wakavu walioletwa kutoka ziwa Tshangalele. Walifika kwenye barabara kubwa wakati lori la madini lilikuwa linapita, likivuta nyuma yake wingu la vumbi. Lilipopita, Mama Laure aliingia barabarani. Upande wa kushoto alikuwa anakuja mwanamume mwenye baiskeli iliyobeba magunia mawili ya makala, yaani makaa ya kupikia.

"Mama!" Orpha alipiga kelele na kumshika nguo.

Mwenye baiskeli alikata usukani. Gurudumu la mbele liliingia mtaroni, baiskeli ikalala, gunia moja likapasuka na makala yakamwagika barabarani. Mtu huyo aliinuka polepole, goti lake likitoka damu.

Watu walikusanyika mara moja. "Anatoka wapi huyu?" Mama Laure aliuliza. "Barabara ilikuwa tupu. Amenitokea ghafla kama mzuka."

Wengi pale walimjua Mama Laure wa kwaya, na hakuna aliyemjua muuza makala. "Hawa wa baiskeli wanapita kama upepo," mmoja alisema. Mwingine alikwishaishika baiskeli, akasema haitaondoka pale mpaka mwenyewe aombe radhi. Mwanamume yule, ambaye jina lake lilikuwa Zéphirin, alikuwa anajitetea lakini sauti yake ilizama katika sauti za wengine.

Mzee mmoja mwenye kofia ya kiwandani alimgeukia Orpha. "Weye mutoto ulikuwa hapa. Ilikuwaje?"

Orpha alimtazama mama yake. Alijua kwamba akinyamaza, jambo litaisha na mama atatoka na heshima yake. Alimtazama pia yule mtu, anayeokota makala yake huku damu ikimtiririka.

"Alikuwa anakuja pole pole," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimwona tangu mbali. Alikuwa mbele ya macho kabisa. Mama hakumwona. Upande huo Mama haoni."

Kelele zilikatika. Yule aliyeshika baiskeli aliiachia. Mama Laure aliinama, akaanza kuokota makala pamoja na Zéphirin, kipande kwa kipande, mpaka gunia likafungwa kwa kamba. Alimwomba radhi, na Zéphirin akasema yamekwisha. Lakini njia nzima ya kurudi hakumsemesha binti yake.

Nyumbani Orpha alikaa nyuma ya jiko akilia bila sauti. Alisikia fimbo ya Nkambo ikigonga sakafu. Babu yake alikuja peke yake akifuata ukuta, akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Nimesikia mama yako akimweleza baba yako," alisema. "Anasema umemwaibisha mbele ya watu. Nieleze weye ulichokiona. Chote."

Orpha alieleza. Alisema habari ya Mama Tausi, ya alto, ya kitabu cha nyimbo na ya baiskeli. Nkambo Ambroise alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mimi pia ilikuwa hivyo," alisema hatimaye. "Nilianza kugonga bega kwenye miimo ya milango. Wenzangu wakacheka, wakasema nimekunywa. Nilikuwa nasoma namba kwenye vipimo vya tanuru vizuri kabisa, sikuhisi maumivu yoyote. Nikaona kama milango ndiyo imekuwa myembamba. Ikaendelea kuwa myembamba hivyo, mpaka siku moja ikafungwa. Tukasema ni moshi. Lakini Laure hajasimama mbele ya tanuru hata siku moja."

Aliinuka, akamwita binti yake. Mama Laure alikuja na uso wa kununa.

"Laure, kesho unipeleke kwa daktari wa macho."

"Papa, baada ya miaka yote hii? Yako yamekwisha."

"Yangu yamekwisha, ndiyo. Sina tena cha kupoteza. Weye unacho. Utaketi kwenye kiti cha daktari, na minye nitaketi nje nikingoja. Na huyu mutoto atakuja pamoja nasi, kwa sababu damu yetu ni moja."

Mama Laure aliitikia kwa kichwa. Baba yake hakuwa mtu wa kuamuru, na ndiyo maana akiamuru ilikuwa vigumu kukataa.

Kliniki ya macho ilikuwa nyumba ndogo yenye benchi refu ukutani. Daktari Jean-Luc alikuwa kijana mwembamba aliyezungumza taratibu. Alianza kwa kumwonyesha Mama Laure herufi ukutani, jicho moja moja. Mama Laure alisoma mpaka mstari wa chini kabisa, ule wenye herufi ndogo kama mbegu za mtama.

"Unaona, Orpha?" alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya makala alitabasamu.

"Umesoma vizuri sana," daktari alikubali. "Lakini huo ni mtihani wa katikati ya jicho tu. Sasa tutaangalia mengine."

Alimtia matone, akampima presha ya macho kwa kifaa kidogo, akachungulia ndani ya kila jicho kwa taa. Kisha alimketisha mbele ya mashine yenye umbo la bakuli kubwa jeupe. Alimwambia atazame nukta ya katikati bila kuhamisha macho, na kila akiona mwanga mdogo popote abonyeze kitufe.

Orpha aliruhusiwa kusimama nyuma. Mianga midogo iliwaka mmoja baada ya mwingine. Upande wa kulia kitufe kililia. Upande wa kushoto mianga iliwaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika, na kitufe kilikuwa kimya. Mama yake alikaa kwa utulivu, akingoja mwanga ambao ulikwisha kupita.

Baadaye daktari aliwaketisha wote pamoja, pamoja na Nkambo Ambroise, ambaye macho yake pia alikuwa ameyachungulia kwa taa.

"Ugonjwa huu unaitwa glakoma," alisema. "Ndani ya jicho mna maji yanayoingia na kutoka siku zote. Njia ya kutokea ikiziba, maji hujaa na kubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa unakufa kidogo kidogo, kuanzia pembeni. Katikati hubaki mpaka mwisho. Ndiyo sababu unaweza kutia uzi kwenye sindano na usione baiskeli."

"Lakini sikuumwa," Mama Laure alisema. "Na sioni giza lolote."

"Wengi hawaumwi. Na giza huwezi kuliona, kwa sababu ubongo huziba pengo wenyewe. Mahali palipo na mtu, unaona kama hapana kitu. Jicho lako la kushoto limepoteza sehemu kubwa. La kulia limeanza tu."

"Yatarudi?"

Daktari alitikisa kichwa. "Kilichopotea hakirudi, mama. Sitakudanganya. Lakini kilichobaki ni kingi, na tunaweza kukilinda. Kuna matone ya kutia kila siku, bila kuacha, hata kama huoni mabadiliko. Na utarudi kupimwa kila nitakapokuita. Ukifanya hivyo, inawezekana kabisa uzeeke ukiwa unashona."

Mama Laure alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nkambo Ambroise akauliza, "Na yangu, dokta?"

"Ni ugonjwa huohuo, mzee. Unapita katika familia. Mtu ambaye baba, mama au ndugu yake anao, yuko katika hatari zaidi kuliko wengine, naye hapaswi kungoja dalili."

Mzee aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Basi tanuru nimelisingizia bure," alisema.

Daktari alimpima Orpha mwisho wa yote. Macho yake yalikuwa mazima. Hata hivyo alimwambia arudi kila mwaka, na Orpha akaitikia kwa moyo wote.

Walipotoka nje mwanga ulimuumiza Mama Laure kwa sababu ya matone. Alitafuta bega la binti yake, akaliegemea.

"Siku ile barabarani nilikukasirikia," alisema. "Nilidhani umenivua nguo mbele ya watu. Kumbe ulikuwa unanivuta nisianguke."

Kabla ya kwenda nyumbani alitaka wapite dukani kwa Mama Tausi. Mama Tausi alikuwa anakunja vitenge. Alipowaona alijibu salamu kwa baridi.

"Nimekuja kukupa salamu zote nilizokunyima," Mama Laure alisema. Akamweleza habari yote, tangu mwanzo mpaka kwenye mashine ya mianga.

Mama Tausi aliweka kitenge chini. "Mungu wangu. Na minye nimekutangaza soko zima kwamba unajivuna. Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimesamehe. Sasa niambie, weye umepimwa macho lini?"

"Kwa nini nipimwe? Minye naona."

"Hata minye nilikuwa naona," alisema Mama Laure.

Mama Tausi alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka.

Siku za mwanzo matone yalikuwa taabu. Yaliwasha, na Mama Laure alinung'unika kwamba hayaongezi hata chembe ya mwanga. Baada ya wiki chache alianza kuyasahau, tena pengine kwa makusudi. Ndipo Nkambo Ambroise alipojipa kazi. Kila jioni taarifa ya habari ilipoanza redioni, aliita kutoka kitini pake, "Laure, matone." Kama hakusikia chupa ikifunguliwa, aliita tena, na hakukubali redio isikilizwe mpaka afanye. Orpha alimshikia mama yake kichwa na kuhesabu matone yakidondoka.

Kwenye kwaya, Mama Laure aliwaita alto wote, akawaomba radhi na kuwaeleza ugonjwa wake bila kuficha. Camille aliinamisha kichwa kwa haya. Tangu siku hiyo mwongozaji aligeuka na mwili mzima, kulia na kushoto, na vijana wa besi wakasema sasa kwaya imepata mcheza ngoma. Siku ya sikukuu ya parokia alto waliingia mahali pao pote, na wimbo wa kuingilia ulipanda mpaka kwenye mabati.

Miezi ikapita, na siku ya kurudi kliniki ikafika. Safari hii benchi lilikuwa limejaa. Mama Tausi alikuwepo, amejifunga kilemba kipya. Zéphirin muuza makala, ambaye sasa alileta gunia nyumbani kwao kila mwezi, alikuja na mama yake mzee. Wanakwaya kadhaa walibanana mwisho wa benchi. Na pembeni kabisa alikuwepo baba yake Orpha, Déogratias, aliyetoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku kiwandani. Kwa miezi mingi alisema hana nafasi, na siku hiyo Mama Laure alimfuata getini mwenyewe.

Mama Laure aliingia wa kwanza. Alipotoka, Orpha alisoma habari usoni mwake kabla hajasema. Presha ya macho ilikuwa imeshuka. Pengo la upande wa kushoto lilikuwa palepale, halikuwa limeongezeka hata kidogo.

Mama Tausi alikaa ndani kwa muda mrefu zaidi. Alitoka akiwa ameshika chupa ya matone. Daktari Jean-Luc alitoka nyuma yake.

"Niwaambie wote?" daktari alimuuliza.

"Waambie," alisema Mama Tausi. "Wasikie."

"Mama Tausi pia ana glakoma," daktari alisema. "Lakini hajapoteza kitu. Upande wa kulia anaona, wa kushoto anaona, juu na chini anaona. Glakoma ni mwizi anayetembea bila viatu. Mama Laure alimgundua akiwa amekwisha kubeba sehemu ya mali. Mama Tausi amemgundua akiwa bado mlangoni. Hakuna aliyekuwa na maumivu, hakuna aliyedhani anaumwa. Tofauti yao ni moja tu: mmoja alipimwa baada ya ajali, mwingine alipimwa akiwa mzima. Nawaomba mpimwe mkiwa wazima, hasa mliovuka miaka arobaini na mlio na kipofu katika familia."

Mama Tausi aliketi karibu na Mama Laure, akamshika mkono. Walikaa hivyo, kama watu waliotoka safari moja.

Orpha alikuwa amesimama dirishani. Mama yake alimwita aje mbele yake.

"Nisikilize vizuri, binti yangu," alisema Mama Laure. "Nilikulea uwaheshimu wakubwa, na nitaendelea kukufundisha hivyo. Lakini kuheshimu si kunyamaza. Ukiona mtu unayempenda anaelekea shimoni, umwambie, hata kama atakununia. Macho yangu yaliyobaki leo, nusu ni ya daktari na nusu ni ya kinywa chako."

Orpha alitikisa kichwa kukubali, kisha akacheka kidogo, kwa sababu nyuma ya mama yake sauti ya ajabu ilikuwa imeanza kusikika. Papa Déogratias alikuwa amelala juu ya benchi, kichwa ukutani, mdomo wazi, akikoroma taratibu kama mashine iliyozoea kazi yake.

"Anayefuata," daktari aliita mlangoni.

Mama Laure aligeuka na mwili mzima, akamtikisa mumewe begani.

"Amka, baba Orpha," alisema. "Zamu yako."